Nilivyoandika «Pseudopeste» Bila Kupasua Kuku

Glasiere, lile sanduku la barafu la kubebea chanjo, nimeikabidhi. Ninyi mnaobaki mliniomba niandike kidogo juu ya miaka niliyotembea na chanjo ya kuku, kuanzia Nundu mpaka mitaa ya Baraka, na nadhani mlitegemea maneno matamu ya kuagana. Nilikuwa tayari kuyaandika. Lakini siku ileile ya kukabidhi, mmoja wenu, sitamtaja, alifikiwa na mwanamke aliyekuja kueleza kwamba kuku wake wawili wamelala ubavu na hawawezi kusimama. Mwanamke hajamaliza sentensi ya pili, mwenzenu alikuwa amekwisha kuandika: pseudopeste. Hakuinuka hata kwenye kiti. Basi maneno matamu yatangoja. Ninaandika nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, maana neno hilo niliwahi kuliandika hivyohivyo.

Kwa asiye wa kazi yetu: pseudopeste ni ule ugonjwa unaokuja kiangazi na kufagia kuku wa mtaa mzima. Kuku anaharisha kijani, shingo inapinda, anazunguka, anaanguka, anakufa. Ndio ulionileta kwenye kazi hii.

Mama na baba walikufa kwa kipindupindu mwaka mmoja, mama akitangulia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa pili wa sekondari. Nyuma yangu kulikuwa na wadogo zangu wawili wa kiume na Furaha, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Shule niliiacha siku ya Jumatatu; naikumbuka siku kwa sababu Jumanne ulikuwa mtihani wa hesabu, na nilifurahi kidogo kuukosa. Raha hiyo haikudumu.

Mama alituachia kuku tisa. Kwetu firigisi ni ya baba. Mwanamke haili, mtoto haili. Inaletwa kwenye sahani ya mwenye nyumba, nzima, na ole wake aliyeionja jikoni. Tulipochinja kuku wa kwanza baada ya matanga, baba mdogo alituma mtu kuja kuchukua firigisi, kwa sababu, alisema, ile nyumba haina mwanaume. Nilimjibu mjumbe: «Mwambie baba ya hii nyumba iko, na njo mimi, ni mimi mwenyewe.» Nikaila mbele ya wadogo zangu. Ilikuwa ngumu, sikujua kuipika vizuri, lakini niliimaliza.

Kiangazi kilichofuata kuku wote walikufa ndani ya siku nne. Siku ya tano akafika Mzee Assani, mtu wa pwani ya ziwa, mwenye kofia ya Kiislamu na glasiere ya bluu iliyopasuka pembe moja. Yeye ndiye aliyekuwa akichanja kuku upande huo. Alitazama majivu tulipowachomea, akatikisa kichwa.

Nikamwambia: «Mzee, weye unafikaka tu kisha kuku bamekufa? Sawa pasta wa maziko?»

Watu walionizunguka walishtuka. Yeye alicheka mpaka akaketi juu ya glasiere yake. «Huyu mutoto wa nani? Iko na mudomo sawa sindano. Kama unaona niko nachelewa, kamata hii glasiere, twende.»

Nikaikamata. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini nitaisema kama alivyonifundisha. Kuku wetu hawana banda. Wanalala jikoni, au chini ya kitanda cha bibi. Kwa hiyo unafika alfajiri, kabla mlango haujafunguliwa. Mlango ukifunguliwa, utachanja upepo. Tone moja, jicho moja, na usimwachie kuku mpaka apepese. Asipopepesa, dawa haikuingia, na wewe umetembea bure kutoka kwako. Chupa ikae ndani ya kitambaa kibichi, isikae mfukoni karibu na mwili wako wenye joto. Watoto waliniita Mama Macho, na majogoo wa Baraka walinijua kwa sura. Kuna jogoo mmoja wa nyuma ya kanisa aliyenichukia miaka sita mfululizo. Alikufa kwa uzee, mnaweza kuuliza.

Na kwa kuku mgonjwa, Mzee Assani alikuwa na sheria ambayo sikumwona akiivunja. Mikono kwanza, mdomo baadaye. Shika mfuko wa chakula pale shingoni. Inua bawa. Nusa mdomo. Angalia kinyesi. Halafu chukua mmoja, umpasue, uangalie alikula nini. «Kuku mumoja mwenye kupasuliwa,» alisema, «anasema kweli kupita bamama kumi.» Nilikuwa mmoja wa akina mama hao, lakini kwa jambo hilo sikubishana naye.

Kwa sheria hiyo tulijifunza kwamba si kila kuku anayeanguka ana ugonjwa mmoja. Kule Nundu tulikuta vifaranga thelathini wasioweza kusimama, na mwenyewe akimshtaki jirani kwa uchawi. Alikuwa amewafungia wiki sita kwenye chumba kisicho na dirisha, akiogopa mwewe. Mzee Assani akawatoa juani, akawapondea mifupa ya samaki, na waliokuwa hawajapinda miguu sana waliinuka. Mara nyingine walikuwa ni kuku wa kizungu walionunuliwa mjini: mguu mmoja mbele, mguu mmoja nyuma, kama mtu aliyeanguka akikimbia. Hao hakuna dawa. Tulimwambia mwenyewe ukweli, akatutukana, tukaondoka.

Mzee Assani alipokufa, nilibaki peke yangu na glasiere, na hapo ndipo kosa lilianza, polepole, bila mimi kuliona. Yeye alikuwa mwanaume na mzee. Alipasua kuku wa watu bila kuomba ruhusa. Mimi nilipotoa kisu, akina mama walinishika mkono. «Mama Macho, utaharibu mboga. Na firigisi ya baba watoto?» Firigisi iliyokatwa na kisu cha mgeni haiwekwi kwenye sahani ya mume. Ilikuwa aibu kwao, na sikutaka kuwaletea ugomvi nyumbani. Nikazoea kutazama kwa nje tu. Na kwa kuwa wakati wa kiangazi mara nyingi ni pseudopeste kweli, nilipatia mara nyingi. Kupatia kuliniharibu kuliko ambavyo kukosea kungeniharibu.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Ni miaka michache tu iliyopita. Mwaka ule mvua ilikataa kukatika, na mnajua mvua inafanya nini kwa ndagala, zile dagaa za ziwa letu. Wanawake wanazianika kwenye shitingi, maturubai ya plastiki, karibu na ufuko; jua likiwapo, siku moja zimekauka. Bila jua zinakaa siku tatu, nzi wanataga, funza wanatoka, na mzigo wote umeoza kabla haujaingia kwenye gunia.

Mama Apolina, anayekaa hatua chache kutoka kwenye mianiko, alikuja kuniita asubuhi. Kuku wake saba niliwachanja mimi mwenyewe wiki mbili nyuma. Nilikuta wanayumba. Mmoja aliinuka, akachukua hatua tatu za pembeni, akaketi juu ya mkia wake. Mwingine alilala na mabawa wazi, mate yakimtoka mdomoni.

Majirani wakawa wamejaa. Mmoja wao akasema kwa sauti ili nisikie: «Dawa ya Mama Macho iliingia mu jicho, sasa imeshuka mu miguu!»

Wakacheka. Mwingine akaongeza: «Hapana, bamekunywa lutuku. Muangalie ule, anarudia nyumbani kwa bibi yake.»

Nilikasirika. Chanjo yangu niliibeba alfajiri kwenye kitambaa kibichi, na sasa walikuwa wakiicheka. Katika hasira hiyo nilitaka jambo moja tu, kuonyesha kwamba kosa si la chanjo. Nikasema ni pseudopeste, kwamba ilikuwa imekwisha kuwaingia kabla sijawachanja. Nikamwambia Mama Apolina awafungie, na wale ambao bado wana nguvu awachinje waliwe nyumbani kabla hawajafa. Mkuu wa biro ya mifugo, ofisi ya Leta, yaani ya serikali, alipita na moto yake, pikipiki ya kazi, akauliza bila kuzima injini: «Ni nini?» Nikasema: «Pseudopeste.» Akaniletea daftari, nikaandika, nikatia sahihi, akaenda.

Mate yale niliyaona. Kinyesi kilikuwa cha kawaida, hakikuwa kijani, nikakiona pia. Kuku mwenye vifaranga, aliyefunikwa chini ya tenga kwa siku kumi bila kufika ufukoni, alikuwa mzima kabisa na vifaranga vyake, nami nikapita karibu na tenga hilo nikienda mlangoni. Nina hasira kwa kila kimoja cha vitu hivyo.

Siku mbili baadaye Mama Apolina akaja tena. Watoto wake wawili waliokula kuku walikuwa wametapika, na mate yaliwatoka mpaka kwenye shati. Kwenye zahanati walipewa dawa ya tumbo. Wakapona, ashukuriwe Mungu. Lakini pseudopeste haimtapishi mtoto. Nilirudi kule nikikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia.

Kuku wa mwisho alikuwa ameshachinjwa, yuko kwenye beseni. Nikatoa kisu. Mume wa Mama Apolina alikuwa amesimama mlangoni.

«Mama, ile firigisi ni ya kwangu.»

«Njo naipasua,» nikasema. «Kama unaipenda sana, utaikula kisha mi kuonyesha yenye iko ndani.»

«Weye unanikosea heshima mu nyumba yangu.»

«Batoto yako balitapika mu nyumba yako. Ngoja nimalize, kisha utanihukumu.»

Nikapasua. Mfuko wa shingoni ulikuwa umejaa ndagala, na firigisi pia: vichwa, mikia, mchanga wa ufuko. Nikainusa. Nilinusa kitu ninachokijua, ile dawa ya kuua kunguni na mende inayouzwa sokoni kwenye vichupa. Mume wake naye akainama akanusa, akarudi nyuma. Firigisi hakuidai tena.

Makombo yale yalitoka kwenye shitingi iliyo karibu kuliko zote. Nilijua ni ya nani. Ilikuwa ya Furaha, mdogo wangu.

Furaha nilimlea mimi. Nilimwachisha kulia usiku kwa kumwekea kifaranga kwenye kanga. Alipokua akaingia biashara ya ndagala, akawa na depo yake, magunia yake yakipanda Kilembwe na Lulimba, mpaka machimbo ya dhahabu, ambako watu hawana mboga nyingine na watoto wanakula ndagala asubuhi na jioni. Nilimwonea fahari.

Nilimkuta uani. Kuku wake wanne walikuwa wamefungwa kamba mguuni kwenye nguzo ya jiko, mbali na ufuko.

«Tangu lini unafungaka kuku, Furaha?»

«Zinakula maua ya jirani, Yaya,» akajibu; Yaya kwetu ni dada mkubwa.

«Jirani hana maua.»

Juu ya meko kulikuwa na kapu dogo la ndagala zilizokaushwa kwa moshi.

«Na ile ya pale juu?»

«Ya batoto yangu.»

Hapo nikaelewa yote, na sitaki mtu aniambie kwamba hakujua. Alijua. Kuku wake aliwafunga na samaki wa watoto wake aliwatenga. Nikamwuliza alinyunyiza magunia mangapi. Akasema yote ya wiki ile, na kwamba mzigo mmoja ulikuwa umekwisha kwenda Kilembwe, na mwingine ungepakiwa kesho asubuhi kwenda Lulimba.

«Bote banafanya vile, Yaya. Mvua inaharibu samaki. Mi nitafanya aje? Dawa inakauka na jua.»

«Jua gani? Ungekuwa na jua, ungetia dawa ya nini? Usipakie huu mzigo.»

Akanitazama kwa utulivu ambao sijausahau. «Nani atasema samaki iko mubaya? Weye mwenyewe uliandika ni pseudopeste. Iko mu daftari ya Leta, na sahihi yako. Ukiniletea muntu, nitamuonyesha ile.»

Alisema kweli. Karatasi yangu ndiyo iliyomlinda.

Nikaenda biro. Mkuu alinisikiliza akikata kucha. Akasema ripoti imekwisha kupanda kwa wakubwa, kwamba mtu hawezi kuandika ugonjwa leo na kuufuta kesho, na kwamba mambo ya samaki si ya biro yake. Biro yake ni ya mifugo. Nikamwambia kuku ni mifugo. Akasema kuku wamekwisha kufa.

Kesho yake asubuhi gari la Lulimba lilikuwa limesimama karibu na mianiko, nyuma wazi, na wapagazi wamekwisha kupandisha magunia mawili ya Furaha. Wauza ndagala wengine walikuwapo, labda ishirini, wakianika. Sikuwa na karatasi wala mtu wa Leta. Nikasimama kati ya gari na magunia yaliyobaki, nikamwita kwa sauti.

«Furaha! Leta kuku yako moja.»

Akacheka kidogo. «Kuku ya nini, Yaya? Tuko na kazi.»

«Leta ile unafungaka mu jiko. Nitafungua hii gunia, nitamupa ndagala kidogo, hapa mbele ya bamama. Akikaa wima mpaka saa sita, mi naomba musamaha kwako na kwa bote, na nitabeba hii magunia kwa kichwa yangu mpaka mu gari.»

Mama mmoja aliyekuwa akigeuza samaki akasema: «Ni neno ya kidogo tu, Furaha. Leta kuku, tuendelee.»

Furaha hakusogea.

Mama Apolina alikuwa nyuma yangu. «Ulete, mwenzangu. Zangu zilikula bure. Yako haiwezi kula hata moja?»

Wapagazi wakaacha kupakia. Dereva akazima injini. Nilimwona Furaha akitazama upande wa nyumba yake, kule kuku walikofungwa, na nikajua anafikiri kama anaweza kuwaleta. Sijui ningefanya nini kama angeleta. Hakuleta. Akanijia karibu, akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia:

«Yaya, ulinilea juu ya kunivua nguo mbele ya bantu?»

Nilimjibu: «Ndiyo. Kama njo inahitajika, ndiyo.»

Sikupata jibu bora na sijapata mpaka leo.

Magunia mawili yalishushwa. Wanawake wenyewe walichimba shimo mbali na maji, wakamwaga ndagala zote za Furaha, wakatia majivu na udongo, wakakanyaga. Watatu kati yao walileta na magunia yao bila kuulizwa, wakayamwaga humohumo, hawakumtazama mtu. Kwa hiyo Furaha hakuwa amedanganya aliposema wengi wanafanya.

Mzigo wa Kilembwe haukurudi. Nilituma neno kwa kila dereva aliyekuwa akipanda. Mmoja aliniletea jibu kwamba ndiyo, kule kuku wa watu waliyumba na kulala chini wakati ule. Na watoto? Akasema hakuuliza, alikuwa anashusha mizigo. Baadaye nilimpata mama mmoja wa kule kwenye soko letu. Alisema watoto waliumwa matumbo, mmoja alizikwa, na watu walisema ni homa. Huenda ilikuwa homa kweli. Hakuna aliyechunguza. Ninalala na hilo.

Sasa mnielewe ninapokasirika kwa kalamu ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Mkiona kuku ameanguka, inameni. Nuseni. Pasueni, hata kama firigisi ni ya gavana. Mume akikasirika, kaeni mpaka amalize kukasirika. Mkiwa tayari mmekosea, msingoje mkuu awape ruhusa.

Mimi sikungoja. Wiki ile ile nilirudi biro mkuu alipokuwa uani akiosha moto yake. Daftari lilikuwa mezani. Nikatafuta ukurasa, nikapiga mstari juu ya neno langu, na chini yake nikaandika kwamba kuku wa Mama Apolina walianguka kwa sababu ya ndagala zilizotiwa dawa ya wadudu. Mkuu akaingia, mikono inatiririka maji.

«Mama, unaharibu daftari ya Leta!»

«Niliiharibu siku ile ya kwanza,» nikasema. «Leo naitengeneza.»

Palibaki nafasi ya kuandika samaki walitoka wapi. Ningeweza kuandika «mfanyabiashara wa Baraka», na hakuna ambaye angenilaumu. Mdogo wangu hanisalimii mpaka leo. Watoto wake wananisalimia wakiwa mbali na nyumbani. Niliandika jina lake lote, kwa herufi nilizomfundisha mimi mwenyewe kwa kijiti kwenye mchanga, kisha nikaandika langu pembeni, kama dada yake.